Gophers ni timu ya wazawa au ya nani? Jibu kwa dada wa Brooklyn Park

Dada, swali lako nimekaa nalo siku mbili manake siyo swali la kujibu kwa mistari miwili. Umesema unaishi Brooklyn Park, kijana wako ana miaka 9, wenzake wa shule wamemvuta mpaka soka hataki kulisikia tena, ni hoki ya barafuni tu asubuhi na jioni, na ndoto yake ni kuja kuvaa ile jezi ya damu ya mzee na dhahabu ya Gophers, timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Alafu jirani yako, mzee wa Kizungu, kakwambia zamani ile ilikuwa timu ya watoto wa hapahapa na sikuhizi wanaokota wageni, na alivyokuwa anasema macho yalimlenga machozi. Unauliza hao ni wanafunzi tu, hawalipwi, sasa wana nini mpaka mzee mzima atake kulia? Na je mlango kwa mtoto wako bado uko wazi au ndo unafungwa?

Nimekaa jimbo hili zaidi ya miaka ishirini na majira ya baridi nafundisha watoto hoki kwenye kiwanja cha mtaani, kwa hiyo hili jambo naliishi. Na nianze kwa kukwambia jirani yako siyo mzee wa maneno ya ovyo. Ugomvi anaousema ndo historia yenyewe ya ile timu, ukiuelewa huo ugomvi umeelewa kila kitu.

Kwa wasomaji wengine ambao mchezo wenyewe hawaujui, haraka haraka: kila timu ina watu sita barafuni pamoja na golikipa, wanavaa viatu vyenye bapa la chuma chini, wanagombania kisahani cha raba nyeusi kinaitwa paki, vipindi vitatu vya dakika 20. Waliowahi kufika Nairobi pale hoteli ya Panari wamewaona vijana wa Ice Lions wakicheza kwenye barafu ndogo ya ndani, basi ni mchezo huohuo ila kiwanja cha hapa ni kikubwa kweli, urefu kama mita 60. Kwenye hoki ya vyuo kila mchezaji anavaa kofia yenye wavu wa kufunika uso mzima, na ukirusha ngumi unatolewa nje, siyo kama ligi ya kulipwa ya NHL ambako mtu anazichapa alafu anakaa nje dakika tano anarudi.

Sasa tuanze. Timu rasmi ya chuo ilianza msimu wa 1921-22. Miaka ile hoki ya Marekani ilikuwa ni ya vyuo vya mashariki na ya huku kaskazini kwenye baridi, na Gophers walikuwa wazuri mapema tu, mwaka 1940 walimaliza msimu bila kufungwa hata mechi moja na wakachukua ubingwa wa taifa wa wachezaji wa ridhaa, wakati huo mashindano ya vyuo yenyewe hayajaanzishwa. Kwenye kikosi kile kulikuwa na beki mmoja mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia anaitwa John Mariucci. Huyu shika jina lake.

Mariucci katokea Eveleth, mji mdogo wa machimbo ya chuma kaskazini mwa jimbo. Huko wamekuja Wafini, Waitalia, Waslovenia, watu wa kila lugha wamefuata kazi ya kuchimba, baba yuko shimoni na watoto wako barafuni, manake baridi ya huko ni miezi na miezi na barafu ni ya bure. Ule mji mdogo umetoa wachezaji wengi mpaka jumba la kumbukumbu la magwiji wa hoki wa Marekani likajengwa palepale Eveleth. Mariucci akatoka chuoni akaenda kucheza kulipwa Chicago Black Hawks, na huko akakuta karibu kila mtu ni Mkanada, Mmarekani anaonekana kama kapotea njia. Alikuwa bondia wa barafuni, pua imevunjika, uso una makovu, lakini alikuwa na akili ndefu, na hilo jambo la kwamba mtoto wa Kimarekani hapewi nafasi kwenye mchezo ulioko mlangoni kwake lilimkaa moyoni.

Mwaka 1952 akarudi kuwa kocha wa Gophers. Na hapa dada ndo ugomvi unaanzia.

Mashindano ya taifa ya vyuo yalianza 1948 kule Colorado Springs, timu nne tu, na mabingwa wa kwanza walikuwa Michigan. Michigan wakachukua tena na tena, alafu baadaye Denver nao wakaja juu, na vikosi hivyo vilijaa Wakanada. Siyo kosa kisheria, ila angalia hesabu yake: kijana wa Kanada anacheza ligi za vijana mpaka ana miaka 20 au 21, kakomaa, ndevu zimeota, ndo anavuka mpaka kuingia mwaka wa kwanza chuoni, na huyo anakutana na mtoto wa Minnesota wa miaka 18 aliyetoka sekondari mwezi wa sita. Ni kama wale ndugu zetu wa mashindano ya shule za msingi wanaoletewa mtu mwenye familia wakaambiwa huyu yuko darasa la saba.

Mariucci akasema hapana. Yeye hoja yake ilikuwa rahisi, chuo hiki ni cha jimbo, wazazi wa hapa wanakilipia kodi, basi timu iwe ya watoto wa hapa. Na hakuishia kusema. Alizunguka miji ya Minnesota akihimiza watu wajenge viwanja vya ndani, waanzishe timu za sekondari, wafundishe watoto, manake alijua ukisema nataka wazawa na wazawa hawana mahali pa kujifunzia umesema bure. Kwa watu wa nyumbani wanaofuata Simba na Yanga hii wataielewa mara moja, ni uleule mjadala wa mapro wa kigeni na wazawa, tofauti ni kwamba Mariucci alitembea na hoja yake mguu kwa mguu mpaka vijijini.

Ugomvi ukakua mpaka ukavunja ligi. Mwaka 1958 ligi waliyokuwa wanacheza ikasambaratika kwa sababu ya hilohilo la wachezaji wakubwa kutoka Kanada, mwaka uliofuata ikaundwa nyingine, WCHA, na hata hivyo Mariucci akakataa kupanga mechi na Denver kwa miaka. Wako kwenye ligi moja na hawachezi! Mimi nikisoma habari hizo nasema huyu mtu alikuwa na msimamo kwelikweli, manake ilimgharimu.

Ilimgharimu nini? Kombe. Mariucci hakuwahi kulichukua. Msimu wake wa kwanza tu kafika fainali ya 1953, kafungwa na Michigan 7-3. Mwaka uliofuata ndo uliuma zaidi. Alikuwa na John Mayasich, mtoto wa Eveleth kama yeye, ambaye sekondari alibeba ubingwa wa jimbo miaka minne mfululizo na shule yao hawakufungwa hata mechi moja, mechi 69. Chuoni Mayasich alifunga mabao 144, rekodi ambayo mpaka leo hakuna mchezaji wa Gophers aliyeisogelea. Nusu fainali ya 1954 waliichapa Boston College 14-1, kumi na nne, kila mtu akajua kombe limeshafika nyumbani, alafu fainali wakafungwa 5-4 na chuo kidogo cha RPI kutoka New York kwenye muda wa nyongeza. Mayasich baadaye alipata medali ya fedha ya Olimpiki 1956, kocha wa Marekani akiwa huyohuyo Mariucci, na dhahabu mwaka 1960, lakini NHL hakuwahi kucheza hata mechi moja. Wakati ule Mmarekani ilikuwa nadra kuitwa.

Mariucci aliondoka 1966. Akaja Glen Sonmor, yeye Mkanada na mwenye jicho moja, lingine lilimtoka akiwa mchezaji, akafika fainali ya 1971 akafungwa na Boston University. Alafu timu ikaporomoka mpaka mkiani, na mwaka 1972 wakampa kazi kijana wa St. Paul aliyewahi kuchezea chini ya Mariucci, jina lake Herb Brooks.

Huyu Brooks ana kidonda chake. Mwaka 1960 alikuwa kwenye kambi ya timu ya taifa, akafika mpaka siku za mwisho, akatemwa, ndo alikuwa mtu wa mwisho kabisa kutemwa, na timu ile ikaenda ikabeba dhahabu yeye akiwa nyumbani anaangalia kwenye televisheni. Mtu mwingine angeacha mchezo. Yeye akafanya kazi kama mtu anayedaiwa. Kaichukua timu ya mkiani, na ndani ya misimu miwili, 1974, wakamfunga Michigan Tech 4-2 mjini Boston, na Minnesota wakapata kombe lao la kwanza la vyuo, na kikosi kile karibu wote ni watoto wa jimbo. Ile hoja ya Mariucci iliyokuwa inachekwa kwamba huwezi kushinda na watoto wa sekondari za hapa ikawa imejibiwa. 1976 wakachukua tena, Michigan Tech tena, 6-4. Na 1979 wakamfunga North Dakota 4-3, bao la ushindi alifunga mtoto wa mwaka wa kwanza kutoka Roseau, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa Kanada, Neal Broten, kaanguka kifudifudi anateleza na tumbo na bado kaunyanyua ule mpira (nasema mpira kwa mazoea, paki) ukapita juu ya kipa.

Sasa dada ukitaka kujua kwa nini mzee wako machozi yanamlenga, fikiria yaliyofuata miezi kumi na moja baadaye. Brooks akapewa timu ya taifa ya Olimpiki ya 1980, Lake Placid. Wachezaji 20. Tisa kati yao walikuwa wametoka Gophers, na 12 kwa jumla ni wazaliwa wa Minnesota. Vijana waliotoka vyuoni watupu. Aliwakimbiza vibaya sana, kuna siku walitoka sare na Norway mjini Oslo akaona wamecheza kivivu, mechi imekwisha watu wanatoka uwanjani yeye akawaweka kwenye mstari wa goli, nenda rudi, nenda rudi, mpaka taa zikazimwa na bado wanakimbizwa gizani. Mtu akiwauliza leo hata wale waliomchukia wanakwambia miguu waliyokuwa nayo dakika za mwisho pale Lake Placid ilitoka kwenye lile giza.

Mechi ya kwanza na Sweden walikuwa wamelala 2-1, zimebaki sekunde 27, aliyesawazisha ni Bill Baker, wa Gophers. Tarehe 22 Februari wakamfunga Mrusi 4-3, Mrusi ambaye alikuwa hafungwi na mtu. Siku mbili baadaye wakaifunga Finland 4-2 wakapata dhahabu, na bao lililowapa uongozi kwenye mechi ile kafunga Rob McClanahan, wa Gophers. Yaani ule mji mdogo wa machimbo, yale maneno ya Mariucci, yale mabarafu ya vijijini, vyote vilikuja kuonekana kwenye televisheni ya dunia nzima. Mzee wako huenda alikuwa kijana wakati huo. Wengine kwenye timu ile alikuwa anawajua kwa mitaa yao.

Broten alirudi chuoni baada ya Olimpiki, mwaka 1981 akawa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Hobey Baker, ndo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchini, lakini fainali ya mwaka huo walifungwa na Wisconsin. Baadaye 1995 akabeba Stanley Cup, ndo kombe la NHL, na timu ya New Jersey. Kombe la vyuo, dhahabu ya Olimpiki, Stanley Cup, alikuwa wa kwanza kuvikusanya vyote vitatu.

Baada ya hapo ikaja njaa. Miaka 23 bila kombe. Kocha wa muda mrefu zaidi kipindi hicho alikuwa Doug Woog, kuanzia 1985 mpaka 1999, mtu wa South St. Paul, na yeye aliushika ule msimamo wa wazawa kuliko hata mwalimu wake, kikosi kizima Minnesota watupu, wala hataki kusikia kingine. Na hawakuwa wabaya hata kidogo! Walikuwa wanafika mashindano ya taifa karibu kila mwaka. Lakini kombe hakuna. Mwaka 1989 fainali ilichezwa hapahapa St. Paul, nyumbani, dhidi ya Harvard, sare 3-3, muda wa nyongeza, beki Randy Skarda akapiga paki ikagonga mwamba. Ule mlio wa paki kugonga mwamba wa chuma dada kama hujawahi kuusikia uwanjani, ni ting, kali, unasikika mpaka viti vya juu kabisa. Dakika chache baadaye Harvard wakafunga 4-3 ikawa imeisha. Kuna watu hapa ukiwatajia ule mwamba wanageuza uso mpaka leo.

Mwaka 1999 akaja Don Lucia. Naye mzaliwa wa Minnesota, wa Grand Rapids, lakini alikuwa kafundisha nje ya jimbo, na yeye akasema mimi watoto wa hapa nawapenda na ndo wengi, ila nikimwona kijana mzuri ng'ambo ya mto sitamwacha kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Basi akamchukua kijana mmoja kutoka Grand Forks, North Dakota. Grant Potulny. Mmoja tu. Na Grand Forks ndo nyumbani kwa chuo cha North Dakota, mahasimu wakubwa kabisa, ni kama Yanga wakamchukua mtoto aliyekulia Msimbazi. Watu wakanung'unika, redioni wakapiga simu, kwamba sasa utamaduni unauawa.

Fainali ya 2002, tarehe 6 Aprili, St. Paul tena, watu zaidi ya 19,000 ndani. Wapinzani ni Maine, ambao kocha wao Shawn Walsh alifariki kwa saratani kabla msimu haujaanza kwa hiyo nao wanacheza na msiba moyoni. Maine wanaongoza 3-2. Dakika za lala salama, imebaki chini ya dakika moja, Gophers wamemtoa kipa wameongeza mshambuliaji, goli liko wazi, na Matt Koalska anasawazisha. Muda wa nyongeza. Kila mzee pale ndani anawaza 1989, anawaza mwamba. Dakika zinaenda, mchezaji wa Maine anamkwatua mtu, anatolewa dakika mbili, Gophers wako wengi, paki inadunda mbele ya goli kwenye rundo la miguu, na anayeisukuma ndani ni nani?

Potulny. Yule mgeni. Kwenye kikosi kizima mtu pekee ambaye hakutoka Minnesota ndo aliyemaliza ile njaa ya miaka 23.

Mimi nimeshalifikiria hili bao sana na kila nikilifikiria naona hakuna mtunzi angethubutu kuliandika. Na jambo ambalo watu wanalisahau ni kwamba aliyesawazisha ni wa St. Paul, kipa ni wa Minnesota, bila wao hakuna muda wa nyongeza wala hakuna bao la Potulny. Kwa hiyo wazee wa msimamo wa Mariucci wakasema mnaona, wazawa, na wale wengine wakasema mnaona, mgeni, na wote walikuwa wanalia kwa furaha kwenye baa zilezile.

Mwaka uliofuata Lucia akaenda mbali zaidi akamleta Thomas Vanek, huyu katoka Austria kabisa, mwaka wa kwanza, akafunga bao la ushindi nusu fainali dhidi ya Michigan kwenye muda wa nyongeza, na fainali wakaichapa New Hampshire 5-1. Makombe mawili mfululizo, jambo ambalo lilikuwa halijafanywa tangu Boston University 1971 na 1972. Na hilo la 2003 ndo la tano na la mwisho mpaka sasa ninapoandika.

Baada ya hapo ni machungu na hayahitaji maneno mengi. 2006 walitolewa raundi ya kwanza na Holy Cross, timu ambayo hakuna aliyeitarajia. 2014 walimfunga North Dakota nusu fainali kwa bao la Justin Holl zikiwa zimebaki sekunde 0.6, siyo dakika, sekunde, alafu fainali wakala 7 kutoka kwa Union. Na 2023 chini ya kocha Bob Motzko walikuwa wanaongoza fainali 2-0 dhidi ya Quinnipiac, wakasawazishiwa, na muda wa nyongeza ulipoanza walifungwa sekunde ya kumi. Sekunde ya kumi dada. Nilikuwa nimesimama kwenda kuchukua maji jikoni, nimerudi naona watu wamevua helmeti wamelala kifudifudi.

Sasa swali lako la pili, mlango wa mtoto wako.

Kwanza nikurekebishe kidogo hapo uliposema hawalipwi. Zamani ndiyo, ilikuwa skolashipu tu, ada na chumba na chakula. Tangu 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura yake, matangazo na kadhalika, na kuanzia 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kumlipa moja kwa moja. Kwa hiyo neno ridhaa limebaki la historia.

Pili, hilo la wageni, jirani yako ana habari mpya siyo za zamani tu. Kwa miaka mingi kulikuwa na ukuta mmoja: kijana akishacheza zile ligi kubwa za vijana za Kanada, zinaitwa CHL, alihesabiwa ni wa kulipwa na vyuo vya Marekani haviwezi kumchukua. Novemba 2024 wakapitisha uamuzi wa kuuondoa huo ukuta, na ukaanza kazi Agosti 2025. Sasa kijana mzuri wa Kanada wa miaka 18, 19, anaweza kucheza CHL alafu akahamia chuo chochote. Nafasi kwenye kikosi haziongezeki, wanaozigombea ndo wameongezeka. Kwa hiyo ugomvi wa 1958 umerudi mlangoni, kwa sura nyingine. Mimi binafsi naona chuo cha jimbo kina deni kwa watoto wa jimbo na deni hilo halifutwi na sheria mpya, lakini pia sitaki kumdanganya mama yeyote, kufika pale sasa ni vigumu kuliko ilivyokuwa wakati wa Woog.

Ila kuna kitu ambacho hakuna sheria imekiondoa, nacho ni kile alichokihimiza Mariucci. Sehemu nyingi Marekani mtoto akitaka hoki unamlipia klabu binafsi. Hapa Minnesota mtoto anacheza na chama cha mtaa wake au mji wake, na watoto wa mtaa mmoja wanakua pamoja mpaka timu ya sekondari, na kila baridi mbuga za mitaani zinamwagiwa maji zinaganda, unaingia bure, na pembeni kuna kibanda cha kuotea moto kufungia viatu. Kijana wako akichukua viatu vyake akaenda pale Jumamosi asubuhi anachezea jasho la yule mzee wa Eveleth bila kujua.

Na kuhusu lile ambalo hukulisema wazi ila nimelisoma kati ya mistari, kwamba atakuwa mtoto mweusi peke yake barafuni. Ni kweli mara nyingi atakuwa peke yake au wawili, sitakuficha, na utasikia maneno siku moja moja na siku hiyo uongee na kocha palepale usisubiri. Lakini mtafutie habari za Kyle Okposo. Kazaliwa St. Paul, baba yake ni Mnaijeria, kacheza Gophers kuanzia 2006, akaingia NHL, akawa kapteni wa Buffalo, na mwaka 2024 akabeba Stanley Cup na Florida ndo akastaafu. Mtoto wa Mwafrika na jezi ileile ya damu ya mzee. Na kama nyumbani kuna binti pia, timu ya wanawake ya chuo hichohicho msimu wa 2012-13 walicheza mechi 41 wakashinda zote 41, naye usimwache nyumbani.

Fanya hivi. Ijumaa moja mpeleke Mariucci, uwanja wa chuo una jina la yule mzee, mfike mapema wakati wanapasha misuli moto, msimame chini karibu na kioo, asikie viatu vinavyokata barafu na paki inavyogonga ubao. Mwambie namba 8 haivaliwi na mtu, ni ya Mayasich wa mabao 144, alafu mwache aulize maswali mwenyewe.

Kuhusu viatu, nunua vya mtumba, maduka ya vifaa vilivyotumika hapa ni mengi na ni vizuri tu, mtoto anaviacha vidogo kabla havijachakaa. Lakini tafadhali dada usimnunulie vikubwa vya kukulia kama tunavyofanya na viatu vya shule. Kiatu cha barafu kikiwa kikubwa kifundo cha mguu kinalala pembeni, mtoto anaumia na anafikiri hajui, kumbe ni kiatu. Vidole viguse mbele kidogo tu akiwa amesimama, kisigino kisinyanyuke, na kamba ukaze wewe mwenyewe miezi ya kwanza, uzikaze hasa pale juu ya kifundo, mpaka akwambie mama inabana.